Tovuti ya Kikundi: Jina Limeandikwa kwa Nani?

Mwaka uliopita tulitembelewa ofisini na katibu na mwekahazina wa kikundi kimoja cha wafuga nyuki kutoka Ukambani. Walikuja na chupa ya asali imefungwa kwa gazeti. Tulidhani ni zawadi, na kweli baadaye tuliionja, lakini wao walitaka kwanza tusome lebo. Chini ya jina la kikundi palikuwa na anwani ya tovuti yao. Mwekahazina akasema, "Hebu fungueni muone." Tukafungua. Badala ya mizinga na asali, tukaona matangazo ya kamari, tena kwa lugha ambayo hakuna mtu hapa ofisini aliyeifahamu.

Walikuwa wamechapisha lebo 2,000 zenye anwani hiyo. Aliyegundua jambo hili hakuwa mwanachama. Ni mama mmoja mwenye duka Nairobi aliyetaka kununua asali kwa wingi, akafungua anwani ili awajue vizuri, halafu akapiga simu akiuliza, "Nyinyi mnauza asali ama mnachezesha watu kamari?" Hakununua.

Iliharibikaje? Wala si wizi. Kijana mmoja wa pale kijijini, mwenye bidii na moyo mzuri, ndiye aliyewatengenezea tovuti bila kuitisha malipo. Alipoandikisha anwani alitumia jina lake na barua pepe yake, kwa sababu kikundi hakikuwa na barua pepe. Baadaye akapata kazi nchi za Ghuba, akabadilisha simu, na ile barua pepe akaacha kuifungua. Onyo kwamba anwani inakaribia kuisha lilitumwa mara kadhaa, lakini lilienda kwake. Muda ukapita, anwani ikarudi sokoni, mtu mwingine akainunua. Basi. Kisheria hakuna wa kushtakiwa.

Tangu siku hiyo tumeulizwa na vikundi vingine juu ya tovuti, na tumeona afadhali tuandike yale tunayoyajua.

Vitu vitatu, si kimoja

Watu husema "tovuti" kana kwamba ni kitu kimoja. Ni vitatu, na kila kimoja kinaweza kuwa na mwenyewe tofauti.

Cha kwanza ni jina, yaani anwani. Hili ni kama sanduku la posta. Hulinunui likawa lako milele. Unalipia kila mwaka, na usipolipa linapewa mwingine. Cha pili ni mahali ambapo kurasa zenu zinawekwa, yaani nafasi katika kompyuta kubwa iitwayo seva, inayowaka mchana na usiku. Hii ni kama kukodi ploti. Cha tatu ni kurasa zenyewe: maneno, picha na bei. Hiyo ndiyo nyumba mnayojenga juu ya ploti.

Nyumba ikibomoka mtajenga nyingine. Ploti ikiwa mbaya mtahamia nyingine na jina lenu mtakwenda nalo. Lakini jina likipotea, kila lebo, kila kadi na kila mteja aliyelikariri amepotea nalo. Kwa hiyo, pesa na uangalifu wa kwanza uende kwenye jina.

Mtu asiwadanganye kwamba kuna ada ya ruhusa ya kuwa na tovuti. Mwingereza Tim Berners-Lee ndiye aliyebuni mtandao huu wa kurasa mwaka 1989 akiwa CERN, kituo cha utafiti kilichoko Geneva, na tarehe 30 Aprili 1993 kituo hicho kilitangaza kwamba kila mtu duniani anaweza kuutumia bure. Mnacholipia ni jina, nafasi kwenye seva na jasho la fundi.

Je, mnaihitaji kweli?

Tuseme wazi: vikundi vingi haviihitaji. Kama mnauza mboga kwa soko la karibu, au mna posho mill inayosagia watu wa kijiji, simu na WhatsApp zinatosha, na hiyo pesa afadhali mnunue gunia la mahindi. Tovuti inafaa pale mnunuzi yuko mbali na hawajui. Mwenye hoteli Mombasa, mwenye duka Nairobi, au mtu wa Ulaya anayetaka vyondo 300, hao kabla hawajatuma pesa wanataka kuona kwamba nyinyi ni watu halisi, mko mahali fulani, na kuna simu inayoshikwa.

Wengine watauliza, mbona tusitumie ukurasa wa bure wa Facebook ama Google? Utumieni, hatukatai. Lakini huo ni uwanja wa mtu, nanyi mmeweka meza tu. Google waliwahi kuwapa wenye biashara ndogo tovuti rahisi za bure, na watu wengi wakazizoea. Mwezi wa Machi 2024 Google wakazifunga. Aliyekuwa na jina lake mwenyewe alilielekeza mahali pengine na kazi ikaendelea. Asiyekuwa nalo alianza upya.

Kuandikisha jina

Hapa Kenya majina yanayoishia na .ke husimamiwa na shirika linaloitwa KeNIC. Mnalinunua kutoka kwa wauzaji walioidhinishwa na KeNIC, ambao ni wengi. Jina linaloishia .co.ke ni la biashara, .or.ke ni la mashirika yasiyotafuta faida, .sc.ke ni la shule. Tangu 2017 inawezekana pia kuwa na jina fupi linaloishia .ke pekee. Kwa kikundi kinachouza kitu, .co.ke inatosha kabisa. Ulizeni bei kwa wauzaji watatu, na mwulize hasa bei ya mwaka wa pili, maana wengine hupunguza mwaka wa kwanza ili wawanase.

Chagueni jina fupi ambalo mtu anaweza kulitaja kwa simu bila kurudia mara nne. Jaribuni hivi: mwanachama mmoja alitaje kwa sauti, mwingine aliyekaa mbali aliandike. Akikosea, tafuteni lingine.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo wale wafuga nyuki walipoanguka. Kabla ya kununua jina, fungueni barua pepe ya kikundi, si ya mtu. Jina la mwenye anwani liandikwe jina la kikundi kama lilivyo kwenye cheti cha usajili. Fundi anaweza kuwasaidia kubonyeza, lakini akimaliza mwombeni awaonyeshe jina lililoandikwa. Msione haya. Fundi mwaminifu hatakasirika. Yule anayekasirika amewapa jibu.

Neno la siri lijulikane na watu wawili, kwa mfano katibu na mwekahazina, na liandikwe kwenye karatasi, litiwe ndani ya bahasha iliyofungwa, liwekwe pamoja na cheti cha kikundi. Tunajua wataalamu wengine hawapendi mambo ya karatasi. Lakini tumeona vikundi vingi vikipoteza neno la siri kuliko vilivyoibiwa bahasha. Viongozi wakibadilishwa, neno libadilishwe siku hiyo hiyo, kama mnavyobadilisha sahihi kule benki.

Na tarehe ya kulipia tena iandikwe kwenye kitabu cha mwekahazina, mwezi mmoja kabla. Msijione wajinga mkisahau. Hata wakubwa husahau. Desemba 1999 kampuni ya Microsoft yenyewe, yenye pesa zisizohesabika, ilisahau kulipia anwani moja iliyotumiwa na watu kuingia kwenye barua pepe zao. Watu wakafungiwa nje. Aliyewaokoa ni mtu mmoja tu Marekani aliyegundua shida na kulipa dola 35 kutoka mfukoni mwake. Nyinyi msitegemee msamaria kama huyo. Muuzaji akiruhusu kulipia miaka miwili au mitatu pamoja, na pesa ipo, lipeni.

Jambo dogo tusilisahau: kuna matapeli wanaotuma barua wakisema "anwani yenu inaisha, lipeni leo". Msilipe kupitia barua hiyo. Angalieni kitabu chenu, kisha mpigie muuzaji wenu simu.

Mtaandika nini ndani?

Kidogo. Tumeona tovuti za vikundi zikianza na historia ndefu na picha ya mgeni rasmi akikata utepe. Mnunuzi hana haja na utepe. Anataka kujua mnauza nini, kwa kipimo gani, kwa bei gani, mko wapi, na nani atashika simu. Kama bei inabadilika na msimu, semeni hivyo, na mwandike mwezi bei ilipoandikwa. Kama asali yenu imepata alama ya ubora ya KEBS, ionekane. Kurasa tatu au nne zinatosha kwa kuanzia.

Picha ndizo huleta taabu. Picha moja ya simu nzuri inaweza kuwa na uzito wa MB 4. Mkiweka kumi kama zilivyo, hiyo ni MB 40, na mteja aliyenunua MB 50 za siku nzima amebaki na kumi baada ya kutazama ukurasa mmoja wa asali yenu. Hatasubiri. Lakini picha hizo hizo zikipunguzwa hadi KB 200 kila moja, zote kumi ni MB 2 tu, na kwa macho hamtaona tofauti kubwa. Mwambieni fundi azipunguze kabla ya kuziweka. Kisha mfanye mtihani: msijaribu tovuti kwenye kompyuta yake ya saiba yenye mtandao wa kasi. Kaeni chini ya mti mahali ambapo netiweki ni ya kubahatisha, mfungue kwa simu ya bei rahisi kuliko zote kikundini. Ikifunguka hapo, itafunguka popote.

Picha za watu ziombewe ruhusa. Kenya ina sheria ya kulinda habari za watu binafsi tangu 2019, na pia ni adabu tu. Mwanachama akisema hataki uso wake utembee duniani, muacheni, pigeni picha ya mzinga. Simu na majina ya wateja wenu pia msiyaanike.

Kuitunza

Hapa wengi huchoka. Tovuti ni kama mzinga. Ukiuacha bila kuukagua, wadudu wataingia.

Mafundi wengi hujengea kwa programu iitwayo WordPress, iliyotoka mwaka 2003 na haiuzwi. Ni nzuri, lakini kila baada ya muda waliyoitengeneza hutoa marekebisho ya kuziba matundu, na vile vinyongeza vinavyoongezwa juu yake pia hurekebishwa. Msipoyaweka, wezi hupita matundu yaliyokwisha kujulikana. Kwa hiyo mkubaliane na fundi, kwa maandishi, nani anafanya marekebisho, mara ngapi kwa mwezi, na analipwa nini. "Tutaangalia baadaye" si mapatano. Na vinyongeza viwe vichache, kisichotumika king'olewe.

Ile alama ya kufuli au maneno "si salama" anayoona mteja juu ya kioo hutegemea cheti cha usalama. Tangu 2015 kuna shirika liitwalo Let's Encrypt linalotoa vyeti hivyo bure, na wenye seva wengi huviweka vyenyewe. Fundi akitaka pesa nyingi kwa ajili ya cheti cha tovuti ya kuuza asali, mwulize ni kwa nini cha bure hakifai.

Nakala ni lazima. Tarehe 10 Machi 2021 nyumba ya seva ya kampuni ya OVH kule Strasbourg, Ufaransa, iliungua moto, na tovuti nyingi zikazimika. Wapo waliokuwa na nakala, lakini nakala yenyewe ilikuwa pale pale, ikaungua pamoja na ile ya kwanza. Kwa hiyo kila mnapobadilisha kitu kikubwa, fundi awape nakala kwenye flash, na flash ikae kwa sanduku la mwekahazina. Ya pili ikae kwa nyumba nyingine.

Tena, kila siku ya mkutano, mtu mmoja afungue tovuti mbele ya wenzake. Asome namba ya simu na namba ya Lipa na M-Pesa kwa sauti, mwekahazina alinganishe na kitabu. Ni dakika mbili. Mwizi akiingia, kitu cha kwanza atakachobadilisha ni mahali pesa zinapoenda, na mnaweza kukaa miezi mitatu mkidhani biashara imelala kumbe wateja wanalipa mtu mwingine.

Wale wafuga nyuki walinunua jina lingine, safari hii kwa jina la kikundi na barua pepe ya kikundi. Kijana wao alipopatikana alisikitika sana, na ndiye aliyewajengea kurasa upya akiwa huko huko, jioni baada ya kazi. Lebo hazikutupwa. Wanachama walikaa siku mbili chini ya mwembe wa mwenyekiti wakibandika kijikaratasi juu ya anwani ya zamani, chupa moja baada ya nyingine, na kwenye kijikaratasi hicho namba ya simu ya kikundi imetangulia, anwani ya tovuti ikafuata. Yule mama wa Nairobi walimpelekea chupa mbili za kwanza.