Neno "Kurithi" na Maradhi ya Usahaulifu Uzeeni

Katika kisiwa cha Pemba, mzee anapoanza kusahau majina ya wanawe, jamaa husema amerudi utotoni; na ikiwa mama yake naye alikuwa hivyo, huongeza kuwa amerithi. Neno hili la pili ndilo tutakalolitazama hapa, kwa kuwa maana zake mbili huchanganywa, na mchanganyiko huo huwaumiza watu.

Kurithi, kwa Mpemba, kwanza ni jambo la mirathi. Fungu la kila mrithi limekwisha kadiriwa: mtoto mwanamume hupata maradufu ya dada yake, wala hapana bahati nasibu ndani yake. Urithi wa mwilini haufuati kanuni hiyo. Kila jeni ina nakala mbili, ya baba na ya mama. Na mtoto, awe mwanamume au mwanamke, hupewa moja tu katika mbili za kila mzazi, mithili ya shilingi iliyorushwa juu.

Maradhi ya Alzheimer, yaliyoelezwa na daktari Mjerumani Alois Alzheimer mwaka 1906, hurithiwa kwa njia mbili. Kasoro fulani katika jeni za APP, PSEN1 au PSEN2 huyaleta karibu bila ya kukosa, mara nyingi kabla ya miaka 65. Lakini koo za namna hiyo ni chache sana duniani. Kwa wazee walio wengi, jeni itajwayo zaidi ni APOE, ambayo aina yake ya e4 ilihusishwa na maradhi haya mwaka 1993. Kwa watu wenye asili ya Ulaya, nakala moja ya e4 huzidisha hatari hata kufikia kiasi cha mara tatu. Hata hivyo wako wenye nakala mbili wasiougua, na wagonjwa wasio na hata moja. Tena utafiti wa Nyeri, Kenya, uliotolewa mwaka 2010, uliikuta e4 kwa wingi, bila ya kuonekana uhusiano wake na maradhi.

Basi kinachorithiwa hapa ni mwelekeo, si maradhi yenyewe. "Amerithi maradhi" ni hukumu, nayo huweza kumfuata binti hata katika posa. "Amerithi mwelekeo wa maradhi" ni kauli ndefu zaidi, lakini ni ya kweli, na huacha nafasi ya kutibu shinikizo la damu na kisukari, ambavyo pia huudhuru ubongo. Itafaa kamusi zetu zizitenge maana hizi mbili chini ya neno rithi, ili daktari wa Chake Chake na jamaa za mgonjwa wapate kufahamiana.