Ndani ya pakiti moja ya ORS

Mama anayepewa zahanati pakiti ya ORS, unga wa chumvi na sukari wa kumrudishia maji mtoto anayeharisha, huambiwa mambo mawili: apime lita moja ya maji safi, na aimimine pakiti yote kwa mara moja. Mara nyingi haambiwi kwa nini. Sababu imo ndani ya unga wenyewe, katika namna atomu zake zilivyoshikana, na naamini mtu akishaielewa hatathubutu kupunguza maji wala kugawa pakiti nusu kwa nusu.

Tuanze na atomu. Kila atomu ina kiini chenye chaji chanya, na elektroni zenye chaji hasi zinazokizunguka. Zile za nje kabisa ndizo zinazoshughulika na majirani. Atomu nyingi hutulia zikiwa na elektroni 8 huko nje. Haidrojeni hutosheka na 2. Namna zinavyoupata utulivu huo ndiyo inayozaa vifungo vya kikemia. Mwaka 1916 wataalamu wawili, Walther Kossel wa Ujerumani na Gilbert Lewis wa Marekani, kila mmoja kwa upande wake, walichapisha maelezo ambayo mpaka leo ndiyo mlango wa somo hili. Kossel alieleza kifungo cha atomu inayotoa na inayopokea. Lewis alieleza kile cha atomu zinazoshirikiana.

Chumvi ni ya kundi la Kossel. Sodiamu ina elektroni 11, na ya nje ni moja tu. Klorini ina 17, na za nje ni saba. Zikiwa mbalimbali hazifai kuwekwa mdomoni: sodiamu ni metali laini inayokatika kwa kisu na kuchachamaa ikigusa maji, na klorini ni gesi ya sumu iliyofunguliwa dhidi ya askari huko Ypres, Ubelgiji, Aprili 1915. Zinapokutana, sodiamu huiachia klorini ile elektroni yake moja. Kuanzia hapo si atomu za kawaida tena bali ni ioni, moja ina chaji chanya na nyingine hasi, nazo huvutana kwa nguvu kubwa. Hicho ndicho kifungo cha ioni.

Wengi hudhani chumvi ni sodiamu moja iliyofungwa na klorini moja, kama mume na mke. Sivyo. Kila ioni ya sodiamu imezungukwa na klorini sita, na kila klorini na sodiamu sita, safu juu ya safu. Chukua punje za chumvi ya mezani, zitandaze juu ya karatasi nyeusi, zitazame kwa lenzi: utaona visanduku vidogo vyenye pembe za mraba. Mpangilio wa ioni umejitokeza mpaka machoni. Kuzitenganisha kwa joto kunataka nyuzi 801 za Selsiasi, ndiyo maana chumvi haiyeyuki kikaangoni hata moto uwe mkali.

Piga punje ya chumvi ya mawe kwa nyundo: itapasuka. Piga sufuria: itabonyea tu. Pigo linapoisogeza safu moja ya chumvi, ioni za chaji moja hujikuta uso kwa uso, zikasukumana na kuachana. Kwenye metali kama alumini, elektroni za nje hazina mwenyewe. Kila atomu imetia zake kwenye mfuko wa pamoja, kama wanachama wa kikoba, nazo huzunguka popote. Atomu zikihama kidogo, mfuko bado unazishika. Elektroni hizo hizo zinazotembea ndizo zinazobeba joto kutoka jikoni hadi kwenye mkono wa kijiko.

Glukosi, sukari ambayo ndiyo sehemu kubwa ya pakiti kwa uzito, imeshikwa kwa njia ya Lewis. Molekuli moja ina atomu 24: kaboni 6, haidrojeni 12 na oksijeni 6. Hakuna aliyetoa wala aliyepokea. Atomu jirani huweka jozi ya elektroni katikati na kuimiliki kwa ubia. Kifungo hiki huitwa kovalenti. Hapa niseme jambo linalokosewa hata darasani: husemwa kwamba nguvu ya sukari hutoka pale vifungo vyake vinapovunjwa. Kuvunja kifungo hugharimu nishati, siku zote. Mwili hupata nguvu kwa sababu atomu zile, zikishaungana upya kuwa kaboni dayoksaidi na maji, hujifunga kwa vifungo imara zaidi, na tofauti hiyo ndiyo inayotuendesha.

Sasa maji. Ndani ya molekuli ya maji, oksijeni na haidrojeni mbili zimefungwa kwa kovalenti, lakini ubia huo si wa haki. Oksijeni huzivutia elektroni upande wake, ikawa na uhasi kidogo, na haidrojeni zikabaki na uchanya kidogo. Basi haidrojeni ya molekuli hii huvutwa na oksijeni ya molekuli ile. Kifungo hicho cha haidrojeni ni dhaifu, nguvu yake ni takriban sehemu moja ya ishirini ya kile kilicho ndani ya molekuli. Hukatika na kuungana tena bila kukoma. Hata hivyo, bila hicho tusingekuwa na bahari. Gesi inayonuka yai viza, haidrojeni salfaidi, ina molekuli nzito kuliko maji, lakini kwa kuwa kifungo hicho kwake ni hafifu mno, huchemka kwenye nyuzi 60 chini ya sifuri.

Mimina pakiti ndani ya maji hayo. Kiswahili hutumia neno moja, kuyeyuka, kwa chumvi na kwa sukari, lakini yanayotokea ni mawili tofauti. Chumvi husambaratika: maji huizingira sodiamu kwa upande wa oksijeni, huizingira klorini kwa upande wa haidrojeni, na kila ioni ikaenda zake. Glukosi haivunjiki. Molekuli zake huachana, lakini kila moja hubaki na atomu zake zote 24, ikishikana na maji kwa vifungo vya haidrojeni.

Uhai wa mtoto anayeharisha umeegemea tofauti hiyo. Mwezi Agosti 1960, huko Prague, Mmarekani Robert Crane alieleza kwamba kwenye ukuta wa utumbo mwembamba uko mlango unaoingiza sodiamu na glukosi kwa pamoja. Sodiamu lazima ije ikiwa ioni iliyo huru. Glukosi lazima ije ikiwa nzima. Zikishaingia, maji huzifuata. Sumu ya kipindupindu huufanya utumbo umwage maji, lakini mlango huu haiuharibu.

Mwaka 1971, kambi ya wakimbizi ya Bongaon, India, iliishiwa maji ya dripu huku kipindupindu kikiua. Daktari Dilip Mahalanabis na wenzake walichanganya chumvi, glukosi na magadi ya kuokea, wakawapa ndugu za wagonjwa wawanyweshe kwa vikombe. Vifo vilivyokuwa karibu asilimia 30 vikashuka chini ya asilimia 4.

Pakiti ya leo inafuata fomula ya Shirika la Afya Duniani: gramu 13.5 za glukosi, 2.6 za chumvi, 1.5 za potasiamu kloraidi na 2.9 za sitreti ya sodiamu. Kwa uzito glukosi inaonekana kuzidi mno, lakini ukizihesabu, kwa kila ioni moja ya sodiamu kuna molekuli moja ya glukosi. Hesabu hiyo imepimwa kwa lita moja. Ukipunguza maji, chembe huwa nyingi mno, na badala ya maji kuingia mwilini huvutwa kutoka mwilini kwenda utumboni, kuhara kukazidi. Soda na juisi tamu zina kasoro hiyo hiyo ya sukari nyingi. Ukitumia nusu ya unga, huna hakika umechota nini, kwa kuwa chembe hazikuchanganyika sawasawa ndani ya pakiti.

Kwa hiyo, mpe mtoto wa chini ya miaka miwili mililita 50 hadi 100 kila anapoharisha, na wa miaka miwili hadi kumi mililita 100 hadi 200. Akitapika, ngoja dakika kumi, kisha endelea taratibu kwa kijiko. Anyonyeshwe na ale kama kawaida, apate na vidonge vya zinki kwa siku 10 hadi 14. Maji yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe. Pakiti isipopatikana, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, katika lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vitamsaidia ukiwa njiani kuitafuta. Macho yakizama, akishindwa kunywa, akilegea au kuharisha damu, usingoje: mwahishe hospitali.