Istilahi za Mazoezi ya Kiuno

Mfasiri atakayetakiwa kuandika maelekezo ya mazoezi ya kiuno kwa wapagazi na madereva wa Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi Luis, kilichofunguliwa mwaka 2021, atakutana na dhana zisizokubali kufasiriwa neno kwa neno. Hata kiuno chenyewe chataka uangalifu. "Mgongo wa chini" si usemi wa watu. Yatosha kuandika kiuno, na penye haja ya usahihi, kiuno upande wa mgongoni.

Iliyo ngumu zaidi ni ile ya msuli wa tabaka la ndani kabisa la ukuta wa tumbo, ambao nyuzi zake zimelala kwa kukingama. Wengine huandika "misuli ya ndani ya tumbo", na msomaji akafikiria matumbo. Twapendekeza msuli mkingamo. Mwalimu akitaka mfano, kibwebwe kipo: msuli huu umezunguka kiwiliwili kama kanga iliyofungwa kiunoni. Lakini mfano huo una hatari yake, kwani kujifunga kibwebwe ni kutenda kwa nguvu zote, ilhali zoezi hili lataka nguvu kidogo tu: tumbo chini ya kitovu linywee polepole, na pumzi iendelee kama kawaida. Aambiwaye "kaza tumbo" huzuia pumzi na kukaza misuli ya juu, na hapo zoezi limekuwa jingine. "Vuta tumbo" nayo yakaribia mno kuvuta pumzi. Kitenzi kunywea tunacho, kitumike.

Ama kuhusu namna ubongo unavyopanga msuli upi utangulie, mwaka 1996 Paul Hodges na Carolyn Richardson wa Chuo Kikuu cha Queensland, Australia, walionyesha kwamba mtu asiye na maumivu anapoinua mkono, msuli mkingamo huanza kazi kabla ya mkono. Kwa waliosumbuliwa na kiuno, ulichelewa. Kuiita dhana hii "udhibiti wa mwendo" ni kumkumbusha dereva kidhibiti mwendo cha basi lake. Uratibu wa misuli ni bora.

Tena, asiandike mtu kuwa mazoezi haya "huponya kiuno". Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2016 hayakuona tofauti kubwa kati yake na mazoezi ya aina nyingine kwa maumivu ya muda mrefu. Mpagazi asomaye "huponya" aweza kuurudia mzigo mapema mno. Iandikwe "huweza kupunguza maumivu".