Ugonjwa wa Hofu, na Jinsi Unavyotibiwa

Nilipokuwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu, nilipelekwa katika shule moja ya kijijini kufanya mazoezi ya kufundisha. Darasani mwangu alikuwamo mvulana wa darasa la tatu aliyechelewa kila siku ya Mungu. Kwao hapakuwa mbali, dakika 20 tu kwa miguu. Nikamwuliza sababu, akanyamaza. Basi nikampigisha magoti juani, na kesho yake tena, na kesho kutwa tena. Juma la tatu hakuja kabisa.

Mwalimu mmoja wa pale ndiye aliyenifumbua macho. Njiani palikuwa na nyumba yenye mbwa. Mtoto yule alipomsikia akibweka tu, hata kwa mbali, mwili ulimtetemeka, moyo ukamwenda mbio, jasho likamtoka, pumzi zikambana. Kwa hiyo alizunguka kwa njia ya mtoni, mwendo wa saa nzima. Baba yake alikwisha kumchapa. Ami yake alifanya vibaya zaidi: alimkamata kwa nguvu akamsukuma mbele ya mbwa yule, ati azoee. Tangu siku ile mtoto hakuweza hata kwenda kuteka maji peke yake.

Nasimulia haya kwa aibu, ndugu wasomaji, maana niliyemwadhibu alikuwa mgonjwa.

Hofu yenyewe si ugonjwa. Mungu ametupa hofu itulinde, na Bwana wetu mwenyewe alifadhaika katika bustani ya Getsemani. Basi mtu asidhani kwamba kuogopa ni dhambi. Hata mbwa ana sababu ya kuogopwa, kwa ajili ya kichaa cha mbwa. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe mara moja kwa maji mengi na sabuni kwa muda wa dakika 15, kisha akimbizwe hospitali siku ile ile apate chanjo.

Lakini iko hofu ipitayo kiasi. Hiyo haiondoki kwa miezi mingi, nayo humfanya mtu apange maisha yake yote kwa kukikwepa kitu kimoja: mbwa, radi, mahali pa juu, maji ya mto, chumba kilichofungwa. Waganga huiita fobia, kwa neno la Kigiriki lenye maana ya hofu. Mara nyingi huanza utotoni. Mwingine aliumwa au alitishwa. Mwingine alimwona mama yake akipiga yowe, naye akajifunza kupiga yowe. Mwingine hakumbuki lolote. Mgonjwa mtu mzima mara nyingi ajua kabisa kwamba hofu yake yapita kiasi, lakini kujua hakumsaidii. Kumwambia “acha uoga” ni sawa na kumwambia mwenye malaria aache kutetemeka. Wala tusikimbilie kusema ana pepo.

Kinachoulisha ugonjwa huu ni kukimbia. Mtu akikimbia apata nafuu papo hapo, na kwa nafuu hiyo moyo wake wasadiki kwamba kweli aliponea chupuchupu. Mara ya pili hukimbia mapema zaidi. Lakini akibaki pale kwa hiari yake, wala baya lisitokee, hofu hupanda, hukaa, kisha hushuka yenyewe. Hapo ndipo moyo unapojifunza.

Mshairi Goethe wa Ujerumani alijitibu hivyo. Mwaka 1770 na 1771 alikuwa mwanafunzi katika mji wa Strasbourg, naye alishikwa na kizunguzungu kila alipokuwa mahali pa juu. Kanisa kuu la mji ule lina mnara wa meta 142. Aliupanda peke yake, akakaa karibu na kilele kama robo saa, kisha akajitokeza nje mahali padogo pasipo cha kushikia. Akarudia tena na tena mpaka hofu ikamwisha. Lakini Goethe alijipeleka mwenyewe. Hakusukumwa na ami yake.

Kwa watoto yuko mwalimu aliye bora zaidi. Mwaka 1924 Bibi Mary Cover Jones wa Marekani aliandika habari za Peter, mtoto wa karibu miaka mitatu aliyeogopa sungura. Mtoto alipokuwa akila chakula akipendacho, sungura aliletwa ndani ya tundu akawekwa mbali. Siku nyingine akasogezwa kidogo. Watoto wengine wasioogopa walicheza naye Peter akitazama. Katikati ya kazi mbwa mkubwa aliwarukia Peter na mwuguzi wake, hofu ikarudi kama mwanzo. Wakaanza upya bila kumkaripia. Mwishowe Peter alimwacha sungura ayatafunetafune madole yake.

Mpaka leo tiba ni hiyo hiyo, ya ngazi kwa ngazi. Dawa za kutuliza hazing'oi mzizi wake. Hofu ikiwa nzito, mwende hospitali ya mkoa mwulize mganga wa afya ya akili. Kumwona si kuitwa kichaa.

Wanaozimia waonapo damu au sindano nitawataja kwa neno moja, maana najua akina mama wanaokwepa kliniki kwa sababu hiyo. Kwao msukumo wa damu hushuka ghafula. Wafundishwao hukaza misuli ya mikono, miguu na kiwiliwili muda wa sekunde 10 hadi 15 mpaka uso upate joto, kisha hulegeza kidogo na kukaza tena. Mjamzito, au mwenye ugonjwa wa moyo au wa shinikizo la damu, amwulize kwanza mwuguzi. Tena aombe kuchomwa akiwa amelala.

Yule mvulana hakurudi shuleni kwetu. Lakini mwaka huu, hapa parokiani, mama mmoja alinijia na shida ile ile kwa binti yake wa miaka minane. Tulianza na picha ya mbwa. Halafu mtoto wa mbwa aliyelala, akitazamwa kutoka mlangoni. Halafu mbwa mzima, mpole, aliyechanjwa, amefungwa kamba, na mama amemshika binti mkono, hatua 30, kisha 20, kisha 10. Hatukusogea kabla mtoto mwenyewe hajasema “tayari”. Siku mbili tulirudi nyuma. Jumapili ya Pasaka alipita mbele ya nyumba yenye mbwa akienda Misa, mkono mmoja ameushika wa mama yake, mwingine amebeba viatu.

Sasa yabaki kazi ya mwenye mbwa, aliyeahidi tangu mwanzo wa Kwaresima kwamba atajenga banda.