Mto Uliobebeshwa Mawe Hauna Njia Moja

Askari aliyewekwa lindoni penye daraja hufundishwa kuangalia watu na magari yapitayo juu. Ni nadra kufundishwa kuangalia kinachopita chini. Lakini huko Gatete na kwingineko katika eneo la Rumonge, kandokando ya Ziwa Tanganyika, kinachopita chini chaweza kuliangusha daraja bila risasi hata moja. Nacho si maji peke yake, bali ni mawe, changarawe na mchanga, yaani mashapo yachukuliwayo na maji hayo.

Tutazame kwanza umbo la nchi. Ziwa liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari. Mashariki yake, mwendo usio mrefu, milima igawanyayo maji ya Kongo na ya Nili hupanda kupita mita 2,000. Mito kama Murembwe na Dama hushuka kutoka huko, kisha hufika katika ukanda mwembamba wa Imbo, palipo na michikichi na barabara kuu itokayo Bujumbura kwenda Nyanza-Lac. Mlimani maji yana mbio, na kwa hiyo yana nguvu za kuviringisha mawe. Yafikapo tambarare mbio hupungua, na mzigo hutuliwa.

Utuaji huo una utaratibu wake. Mawe makubwa hukwama kwanza, mara nyingi katikati ya mto. Changarawe hujikinga nyuma yake, na mchanga hufuata, hata pakawa na kisiwa kidogo. Maji yakikikuta kisiwa hicho hugawanyika kulia na kushoto, yakazila kingo zote mbili. Mto hupanuka, ukipanuka, kina hupungua, kina kikipungua, mawe zaidi hukwama. Ndivyo mto mmoja unavyogeuka kuwa mikondo mingi iachanayo na kukutana tena, mfano wa nywele zilizosukwa. Wataalamu wawili wa Marekani, Luna Leopold na Gordon Wolman, walikiona kisiwa cha namna hiyo kikizaliwa katika mfereji wa majaribio, nao wakaeleza habari zake mwaka 1957.

Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Katika mto wa changarawe, mkondo nao hufuata mawe. Furiko moja la usiku laweza kuziba njia ya jana na kufungua nyingine mahali palipokuwa pakavu.

Kwa askari, maarifa haya ni silaha. Kwanza, kivuko kilichopitika msimu uliopita kisiaminiwe mpaka kipimwe upya. Pili, kambi isipigwe juu ya changarawe tupu isiyoota majani, kwani uchi huo mara nyingi ni alama ya kwamba maji yalipita hapo si zamani. Tatu, anayelinda daraja awazuie wachimbao kokoto karibu na nguzo. Shimo lao huushusha mto, na maji huanza kuula udongo ulioshikilia nguzo hizo.

Hata hivyo, ulinzi wa daraja hauanzi darajani. Mawe na mchanga hutoka vilimani, pale ardhi inapolimwa bila makingamaji au inapoporomoka. Mwaka 2015 maporomoko ya Gitaza, katika Muhuta, yaliifunga barabara hiyohiyo iendayo Rumonge. Mlima ukivuliwa miti, mto hubebeshwa mzigo usiouweza, na usipouweza huutua penye mashamba, nyumba na barabara za watu.

Dawa yake inajulikana. Mwaka 2007 watafiti Michal Tal na Chris Paola, wa Minnesota, walieleza jinsi walivyootesha mimea midogo katika mto wa majaribio uliokuwa na mikondo mingi. Mizizi ilizishika kingo, na maji yakajikusanya katika mkondo mmoja. Nchini Burundi, mpango wa taifa wa kupanda miti uitwao Ewe Burundi Urambaye ulianzishwa mwaka 2018. Kila mche unaoshika udongo mlimani humpunguzia kazi mlinzi aliye bondeni.

Basi, ndugu askari, upitapo tena darajani, inama utazame chini. Ukiona visiwa vipya vya mawe, au ukingo uliosogea, toa taarifa mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta.