Kaboni Isiyo Fuwele Wala Fujo

Pwani ya Mkwaja, kusini ya Pangani, ni nchi ya minazi. Kifuu kikichomwa pasipo hewa ya kutosha huacha makaa, ambayo sehemu yake kubwa ni kaboni. Makaa hayo si fuwele kama almasi ya Mwadui. Wala si fujo tupu, kwani ndani yake mna vipande vidogo mno vya matabaka ya atomu, vimekaa shaghalabaghala.

Mwaka 1951 Rosalind Franklin wa Uingereza alionyesha kwa eksirei kuwa kaboni za namna hii hazigeuki grafaiti hata kwenye nyuzi 3000 za sentigredi. Vipande vyake vimefungamana, haviwezi kujipanga.

Mwaka 2012 ikapatikana kaboni iliyo kinyume chake. Fuwele za molekuli za mviringo, kila moja ya atomu 60, zikiwa na kiyeyushi cha zailini, ziligandamizwa zaidi ya mara 300,000 ya mgandamizo wa hewa. Molekuli zilipondeka, atomu zikavurugika. Ajabu ni kwamba mabonge yenyewe yalibaki safu kwa safu. Yabisi hiyo ilitia kovu hata almasi. Kiyeyushi kikiondolewa kwa joto, safu hizo hupotea.