Bukavu: Mafuta ya mimea hupunguza maumivu ya hedhi, lakini kipimo ni lazima

Wasichana na wamama wengi wa Bukavu hupaka mafuta ya mimea tumboni wakati wa siku zao. Uchunguzi uliofanywa Korea Kusini, Taiwan na Misri unaonyesha kwamba desturi hiyo ina faida ya kweli. Lakini chupa ileile inaweza kuunguza ngozi, au kuficha ugonjwa unaohitaji daktari.

Katika soko la Kadutu, dawa za kienyeji huuzwa karibu na mboga na viungo. Majani makavu, magome na mizizi hupangwa pamoja na tangawizi, karafuu na chupa ndogo za mafuta yenye harufu kali, nyingi zikiwa hazina jina wala tarehe. Sehemu kubwa ya mimea hiyo hushuka kutoka Kabare na Walungu. Msichana anayetafuta kitu cha kupaka kila mwezi mara nyingi hasemi wazi shida yake. Anasema tu kwamba tumbo linamuuma, na mama muuzaji anaelewa.

Nyumbani pia jambo hilo husemwa kwa sauti ya chini. Binti anayejikunja kitandani huambiwa ajikaze, kwamba ndivyo wanawake walivyo, na kwamba akizaa yataisha. Wakati huo anakosa masomo siku moja au mbili kila mwezi. Mama wa biashara anafunga meza yake mapema, na siku hiyo watoto wanakula kidogo.

Feza nayo ni haba. Tangu AFC/M23 walipoteka mji mwezi wa Februari 2025, benki zilifungwa na familia nyingi zikabaki zikihesabu kila franka. Hapo chupa ya mafuta inayodumu miezi kadhaa huonekana kuwa nafuu kuliko kwenda famasi kila mwezi. Swali ni moja: je, mafuta hayo yanasaidia kweli?

Maumivu yanatoka wapi

Kila mwezi, utando wa ndani wa tumbo la uzazi hujiandaa kupokea mimba. Mimba isipoingia, utando huo hubomoka na kutoka kama damu. Wakati wa kubomoka hutoa kemikali ziitwazo prostaglandini, ambazo huamuru misuli ya tumbo la uzazi ijikaze ili kusukuma damu nje.

Wanawake wenye maumivu makali mara nyingi wana prostaglandini nyingi zaidi. Misuli hujikaza kwa nguvu mpaka mishipa ya damu inabanwa. Msuli usiopata damu ya kutosha huuma, kama mguu wa mtu aliyekimbia kupita nguvu zake. Kemikali hizo hufika pia kwenye matumbo, ndiyo maana wengine huharisha au kutapika. Kwa hiyo maumivu haya si uvivu, si deko, wala si laana ya ukoo.

Dawa kama ibuprofeni hufanya kazi kwa sababu hupunguza utengenezaji wa prostaglandini. Zinasaidia zaidi zikimezwa mara tu maumivu yanapoanza, pamoja na chakula. Hazifai kwa mtu mwenye vidonda vya tumbo au mwenye mimba. Mafuta ya kupaka hupita njia nyingine.

Uchunguzi unasema nini

Mwaka 2006, watafiti wa Korea Kusini walichapisha matokeo ya uchunguzi juu ya wanafunzi 67 wa chuo waliokuwa na maumivu ya hedhi. Kundi moja lilikandwa tumbo kwa mafuta ya lozi yaliyochanganywa na matone machache ya lavenda, salvia na waridi. La pili lilikandwa kwa mafuta ya lozi peke yake, na la tatu halikukandwa. Waliopata mchanganyiko wenye harufu walipata nafuu kubwa zaidi katika siku ya kwanza na ya pili ya hedhi.

Barani Afrika, watafiti wa Misri walifuata wanafunzi 95 wa uuguzi. Walitumia mdalasini, karafuu, waridi na lavenda ndani ya mafuta ya lozi, na matokeo yalitoka mwaka 2013. Wanafunzi walikandwa tumbo dakika 10 kila siku, kwa siku 7 kabla ya hedhi kuanza. Maumivu yalipungua na muda wake ukawa mfupi, kuliko walipokandwa kwa mafuta ya lozi pekee.

Uchunguzi wa Taiwan wa mwaka 2012 unafundisha jambo jingine. Wagonjwa 48 waligawanywa makundi mawili: wengine walipaka krimu yenye mafuta halisi ya mimea, wengine krimu yenye manukato ya kiwandani. Maumivu yalipungua katika makundi yote mawili. Tofauti ilionekana kwenye muda: kwa waliotumia mafuta halisi, maumivu yalishuka kutoka siku 2.4 hadi siku 1.8.

Maana yake ni kwamba sehemu ya nafuu inatoka kwenye mmea, na sehemu inatoka kwenye mkono. Kukanda hulegeza misuli na kumtuliza mtu. Zaidi ya hayo, vikundi vilivyochunguzwa vilikuwa vidogo, na si rahisi kumficha mtu harufu ya kitu anachopakwa. Hivyo mafuta haya ni msaada unaoaminika kwa kiasi, si muujiza.

Joto nalo lina ushahidi wake. Mwaka 2001, watafiti wa Marekani walilinganisha kitambaa chenye joto la karibu digrii 39, kilichovaliwa chini ya tumbo, na vidonge vya ibuprofeni. Joto lilisaidia karibu sawa na dawa. Wamama wanaoweka kitambaa cha moto juu ya tumbo la binti hawakukosea.

Mafuta mawili yanayochanganywa

Shida nyingi huanza na neno lenyewe. Kwa Kiswahili tunaita vyote mafuta, lakini ni vitu viwili tofauti.

Kuna mafuta mazito ya kula au kupaka, kama mawese, alizeti, avokado au nazi. Haya hulainisha ngozi na kusaidia mkono kuteleza. Kuna pia mafuta ya harufu, yanayopatikana kwa kuchemsha mmea na kukusanya mvuke wake. Kilo moja ya majani ya ekaliptusi hutoa kiasi kidogo tu cha mafuta hayo. Kwa hiyo chupa ndogo inayoingia kwenye kiganja imebeba nguvu ya majani mengi sana, na kupaka mafuta hayo bila kuyachanganya ni sawa na kula pilipili kwa kijiko.

Mafuta ya karafuu yana eujenoli, kitu ambacho madaktari wa meno hutumia kutuliza jino. Yakipakwa mazito kwenye ngozi laini, huwasha na hata kuunguza. Mdalasini nao ni mkali hivyo hivyo.

Mafuta ya nyumbani ni aina ya tatu. Wengi huloweka tangawizi au majani makavu ndani ya mafuta ya kula, kisha hupasha chombo ndani ya maji ya moto. Haya ni mepesi kuliko mafuta ya mvuke, na hatari yake ni ndogo. Lakini majani yakiwa na maji, mafuta huoza na kuota ukungu. Yakibadilika harufu, yatupwe.

Lipo jambo jingine la kusema wazi. Mimea iliyopimwa Korea, Taiwan na Misri ni hasa lavenda, salvia, waridi, karafuu na mdalasini. Ekaliptusi na mchaichai vinavyojaa milimani kwetu havikuwa katika majaribio hayo. Vinaweza kumpa mtu nafuu, lakini muuzaji anayedai vimethibitishwa sawa na lavenda anapita kiasi.

Bukavu inajua maana ya kipimo

Katika mji huu, hakuna haja ya kumfundisha mtu kwamba mti unaweza kuwa dawa. Kiwanda cha Pharmakina kimetengeneza kinini kwa miaka mingi kutoka magome ya mti wa kinkina uliopandwa Kivu. Kinini hiyo imetibu malaria kwa watu wengi. Lakini hakuna daktari anayempa mgonjwa kinini kwa kukisia. Ikipita kipimo, masikio hulia, macho hupoteza nuru, na moyo huweza kusimama.

Kule Lwiro, katika wilaya ya Kabare, kituo cha utafiti wa sayansi kilichoanzishwa wakati wa ukoloni kina watafiti wanaochunguza mimea ya dawa ya eneo hili. Kazi kama hiyo ndiyo inayotenganisha mmea unaosaidia na mmea unaosifiwa tu. Kuitwa kitu cha asili hakuondoi haja ya kupima.

Namna ya kutumia bila kujiumiza

Kijiko kidogo cha chai hubeba karibu mililita 5 za mafuta mazito. Ndani yake matone 2 au 3 ya mafuta ya harufu yanatosha. Korea walitumia matone 4 kwa jumla, na hakuna sababu ya kuzidisha hapo. Kwa karafuu au mdalasini, tone 1 linatosha.

Kwanza mchanganyiko upakwe kidogo ndani ya mkono, na kuachwa siku moja. Ngozi ikiwasha au ikiwa nyekundu, mafuta hayo hayafai kwa mtu huyo. Kama hakuna shida, apake chini ya kitovu na kukanda polepole kwa mviringo dakika 10 hadi 15. Anaweza pia kupaka kiunoni, kwa nyuma.

Asisubiri mpaka anajikunja. Katika Korea na Misri walianza siku 7 kabla ya hedhi. Anayehesabu siku zake kwenye kalenda anaweza kufanya vivyo hivyo. Baada ya kukanda, chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa kitambaa huongeza nafuu. Maji yasiwe ya kuchemka, na chupa isigusane moja kwa moja na ngozi.

Mafuta ya harufu hayanywewi. Hayawekwi ukeni, wala hayatumiwi kwa lavema. Sehemu hizo ni laini na huungua haraka. Mwenye mimba, au anayedhani ana mimba, asiyatumie bila ushauri wa mhudumu wa afya. Chupa ikae mbali na watoto: mafuta ya ekaliptusi au kafuri yakimezwa na mtoto yanaweza kumletea degedege, hata yakiwa kidogo.

Kuhusu chupa zisizo na jina sokoni, kuna jaribio rahisi. Tone moja liwekwe juu ya karatasi nyeupe na kuachwa mpaka kesho. Mafuta ya harufu mengi hupotea hewani na kuacha alama ndogo au hakuna. Likibaki doa kubwa la mafuta, huenda yamechanganywa na mafuta ya kupikia. Jaribio hili halionyeshi kila udanganyifu, lakini linamwokoa mnunuzi na baadhi yake.

Wakati wa kuacha chupa na kwenda hospitali

Maumivu ya kawaida ya hedhi huanza muda mfupi baada ya msichana kuvunja ungo, huja na damu, na huisha ndani ya siku 2 au 3. Mengine yasipakwe mafuta na kusahauliwa.

Mtu aende kituo cha afya ikiwa maumivu yanazidi mwaka hadi mwaka, au yameanza ukubwani wakati zamani hayakuwepo. Aende pia ikiwa yanakuja hata nje ya hedhi, wakati wa tendo la ndoa au anapoenda choo. Damu inayojaza pedi kila saa moja au mbili ni ishara ya hatari. Homa pamoja na uchafu wenye harufu mbaya huonyesha maambukizi. Na mwanamke aliyechelewa siku zake, kisha akapata maumivu makali upande mmoja wa tumbo, akimbizwe hospitali saa hiyo hiyo: huenda mimba imeingia nje ya tumbo la uzazi, na inaweza kumuua.

Nyuma ya maumivu ya miaka mingi panaweza kuwa na uvimbe wa tumbo la uzazi au endometriosisi, ugonjwa ambao tishu inayofanana na utando wa tumbo la uzazi huota nje yake. Shirika la Afya Duniani linasema ugonjwa huo hugusa karibu asilimia 10 ya wanawake walio katika umri wa kuzaa, yaani karibu milioni 190 duniani. Wengi hukaa miaka kabla ya kuujua, kwa sababu kila mara waliambiwa wajikaze.

Bukavu ina madaktari wa magonjwa ya wanawake, katika hospitali kuu ya jimbo na Panzi, hospitali iliyoanzishwa na Daktari Denis Mukwege mwaka 1999. Kwa anayeishi mbali, mwuguzi wa kituo cha afya cha karibu ni mwanzo mzuri. Kitu cha kwanza atakachouliza ni tarehe: maumivu yalianza lini, yanadumu siku ngapi, damu ni kiasi gani. Binti aliyeandika hayo kwenye daftari kwa miezi 3 anakuja akiwa na nusu ya jibu mkononi.

Mama anayemkanda binti yake jioni anaweza kuanzisha daftari hilo usiku uleule. Mkono wake wenye mafuta unaleta nafuu, na swali lake, kama mwezi huu maumivu yamezidi yale ya mwezi uliopita, linaweza kumfikisha mtoto kwa daktari mapema.